Wanapendana, Sasa Tatizo Nini?

Sura ninayoiogopa kila ninapoandika riwaya si ile wanayoidhani watu. Wengi hudhani ni ya chumbani. Hiyo huandikika: ina mwendo wake, na nikikwama naweza kuzima taa nikaamka na wahusika wangu asubuhi. Ninayoiogopa ni ile ya katikati ya kitabu, pale wawili wameshapendana, msomaji ameshaona, hata wao wenyewe wameanza kujishuku, na mimi bado nina kurasa mia na hamsini za kuwaweka mbalimbali bila msomaji kunitukana.

Nimeishi kwa kuandika riwaya za mapenzi kwa miaka mingi, chini ya jina ambalo si langu, na ninachoandika hasa ni vizuizi. Mapenzi yenyewe hayana hadithi. Watu wawili wanaopendana na hawana kinachowazuia ni habari njema kwa jamaa zao, lakini ukiwaweka kwenye karatasi wanaisha katika aya moja.

Hili nilifunzwa na mdogo wangu. Yeye ni mtu wa mahesabu, hana subira na maneno ya kupamba, na anapenda riwaya za mapenzi kama watu wanavyopenda mpira, yaani kwa kelele na kwa kumlaumu refa. Ndiye msomaji wangu wa kwanza. Muswada ukirudi kutoka kwake, pembeni ya ukurasa huwa kuna swali moja kwa wino mwekundu: "Kwa nini wasizungumze tu?"

Swali hilo limenizikia hadithi kadhaa nilizozipenda. Barua imepotea njiani. Simu imepokewa na mtu asiyehusika. Binti ameonekana akimkumbatia mwanamume fulani, mpenzi wake akageuka na kuondoka mjini, na kurasa themanini baadaye tunaambiwa yule alikuwa kaka yake. Kaka huyu ana historia ndefu katika riwaya za mapenzi. Ameachanisha wachumba wengi kuliko ulevi. Ubaya wake ni kwamba dakika tano za maongezi zinamaliza kila kitu, na msomaji si mjinga. Anauona mkono wa mwandishi ukiwafunga wahusika midomo.

Kizuizi kinachobeba kitabu ni kile ambacho hata wakikesha wakizungumza, hakiondoki. Mwanamke amekua akimtazama mama yake akimsubiri mtu asiyerudi, na ameapa kwamba yeye hatamsubiri yeyote. Mwanamume ana kaka mgonjwa aliyeahidi kumtunza mpaka mwisho, na anajua ahadi hiyo itakula miaka yake. Wakae, waelezane kila kitu kwa unyofu: watatoka hapo wanapendana zaidi na wako mbali zaidi. Napenda sana pale wote wawili wanapokuwa na haki. Mwovu anayewatenganisha namwona msaada wa bei nafuu, ingawa nimemwajiri mara nyingi tarehe ya kukabidhi kazi ilipokuwa inanipumulia kisogoni.

Mwandishi Mwingereza Jane Austen alilijua hili mwaka 1813. Katika riwaya yake Pride and Prejudice, Darcy anamtamkia Elizabeth kwamba anampenda katika sura ya 34, na kitabu kina sura 61. Amezungumza! Kama tatizo lingekuwa ukimya, hadithi ingeishia hapo. Lakini katika pumzi ileile anamweleza jinsi familia ya Elizabeth ilivyo ya chini na jinsi alivyopigana na nafsi yake kabla ya kushindwa. Maongezi ndiyo yanayoharibu, na sura zote zinazobaki ni za watu wawili wanaolazimika kubadilika kwanza ndipo maneno yaleyale yaweze kusemwa tena. Mdogo wangu, aliyekisoma kwa kulazimishwa, alisema hapo hana la kuuliza.

Kazi hii humjaza mtu tabia ambazo waliomzunguka huzivumilia tu. Mimi nasema mazungumzo ya wahusika kwa sauti, pande zote mbili, nikitembea kutoka dirishani hadi mlangoni. Nikifika kwenye ugomvi sauti inapanda. Jirani yangu, mama mmoja mwenye huruma, alikuwa akinisalimia kwa upole wa pekee kwa muda mrefu mpaka nikagundua anaamini nina mume mkorofi. Mume wangu, ambaye ni mpole hadi anaudhi, ndiye aliyekwenda kumweleza.

Sikai kwa amani karibu na watu wawili walionuniana. Katika foleni, ndani ya basi, kwenye chumba cha kusubiri daktari, masikio yangu huenda yenyewe. Nina daftari la kazi hiyo, lakini maneno yao siyaandiki. Naandika walichofanya kwa mikono. Mtu anayekaribia kusema jambo zito huanza kwa kupanga vitu: anasogeza miwani iliyokuwa sawa, anahesabu funguo, anafunga kifungo kilichokuwa kimefungwa. Na wanaopendana kwa kweli hawalitaji penzi lenyewe kila dakika, wanasema "Nijulishe ukifika," au "Umevaa koti?" Neno "nakupenda" ninalo moja kwa kila mhusika katika kila kitabu, nalo nalibania mpaka litoke kwa mtu aliyeishiwa na kila njia nyingine ya kulisema.

Majina nayo yana sheria zake. Wapenzi wawili wasianze na herufi moja, kwa sababu msomaji wa usiku hasomi jina zima, anaona herufi ya kwanza na kupita. Shujaa asiwe na jina la yeyote aliyewahi kunitongoza, wala la mtu wa ukoo. Hiyo ya ukoo imeongezwa baada ya wifi yangu kusoma kitabu changu kimoja na kumtambua humo mwanamke mwenye kiburi anayependa kukagua vyumba vya wenzake. Sikuwa nimemfikiria hata kidogo. Nilipomwambia hivyo alikasirika zaidi, maana sasa ilikuwa hata sikumfikiria. Ndugu wa mwandishi wa mapenzi hugawanyika: kuna wanaoogopa kuwekwa kitabuni, na kuna wanaokasirika kwa kutowekwa. Mume wangu yuko katika kundi lake mwenyewe. Yeye husoma muswada, hufika mahali, kisha huuliza taratibu, "Huyu bwana wa sura ya saba, mimi nimemkosea nini?"

Ana sababu ya kuuliza. Tukiwa tumegombana, siruhusiwi kuandika ugomvi wa wapenzi. Ni sheria niliyojiwekea mwenyewe. Ukiandika ugomvi ukiwa na hasira, mhusika mmoja anapata hoja zote nzuri na mwingine anabaki kugugumia kama shahidi wa uongo. Ugomvi mzuri wa kitabuni unataka mwandishi aliyetulia kiasi cha kumpa kila mmoja sentensi yenye kuuma. Siku za hasira naandika mandhari. Mvua nyingi katika vitabu vyangu zimenyesha kwa sababu hiyo.

Halafu kuna kalenda. Ukutani nina jedwali la kila kitabu: nani kazaliwa lini, nani kaumia wapi, mwezi ulikuwa mchanga au mpevu. Shujaa aliyeteguka mkono sura ya tatu hawezi kumbeba mpenzi wake mikononi sura ya nne, hata kama ukurasa unalilia jambo hilo. Mhariri wangu huhesabu mimba kwa vidole, na hana huruma. Wanaodhani mapenzi huandikwa kwa hisia tupu waje waone jedwali.

Picha waliyonayo watu kuhusu sisi nadhani ilichangiwa sana na Barbara Cartland wa Uingereza, na mavazi yake ya waridi. Yeye alijilaza kwenye kochi, mbwa kando yake, akasimulia, na karani akaandika kwa hati mkato. Mwaka 1976 peke yake aliandika riwaya 23. Nimewahi kujaribu njia hiyo kwa programu ya simu inayogeuza sauti kuwa maandishi. Kuna jambo la kufedhehesha katika kusema kwa sauti, ukiwa peke yako chumbani, "Akamsogelea koma akamgusa shavu koma akanong'ona nukta mbili." Nikarudi kwenye kiti changu, na kwenye maumivu ya mgongo ambayo ndiyo sare halisi ya kazi hii.

Kuhusu ile sura ya chumbani nimesema huandikika, lakini sikusema ni ya kupuuza. Waandishi hugombana juu ya mlango: ufungwe au uachwe wazi. Mimi nauliza swali tofauti kidogo. Wakitoka humo, kuna kilichobadilika kati yao? Kama asubuhi wanaongea kama walivyoongea jana, sura nzima inaondoka, iwe mlango ulikuwa wazi au umefungwa. Hapo huwa namkumbuka Mhispania Corín Tellado. Alianza kuchapishwa mwaka 1946, akaandika riwaya fupi zipatazo 4,000 kabla ya kufariki mwaka 2009, na karibu miaka thelathini ya mwanzo ilikuwa chini ya utawala wa Franco, dikteta wa Hispania, ambapo wakaguzi wa serikali walipiga mistari juu ya kila walichokiona hakifai. Baadaye alieleza kwamba wakaguzi hao ndio waliomfundisha kudokeza badala ya kuonyesha. Mimi siwashukuru wakaguzi, na siamini kalamu nyekundu ya serikali inamfaa mwandishi yeyote. Lakini nimejaribu zoezi lake: nimechukua ukurasa wangu wa wazi kabisa, nikafuta kila tendo na kubakisha linalotangulia na linalofuata. Mara nyingi joto lilipanda. Mara nyingine ukurasa ulikufa, na hapo nikajua kwamba zaidi ya matendo haukuwa na kitu.

Wapenzi wangu wote wana kazi. Hili ni la kufa na kupona kwangu, maana mapenzi hayana saa maalumu, lakini kazi inazo, na ndiyo inayowalazimisha watu wawili wanaokwepana kukutana tena kesho saa mbili asubuhi. Kabla ya kuanza kitabu humtafuta mtu anayeijua kazi husika na kumwomba anieleze siku yake ilivyo. Nimeongea na mkunga, na mwashi, na mwendesha kreni ambaye kutwa nzima yuko juu peke yake na anawaona wenzake wakiwa wadogo kama punje. Nakwenda kuuliza juu ya vyuma na zamu. Wao, bila kuulizwa, huishia kunisimulia habari za mtu. Yule wa kreni alikuwa akieleza jinsi wanavyoongozana kwa ishara za mikono na msaidizi wa chini, akanyamaza, kisha akasema kwamba msaidizi wake mmoja alikuwa na ishara moja zaidi ya zile za kitabuni. Kitabu hicho kilijiandika.

Dharau ipo, na sijifanyi haiumi. Katika shughuli za watu huulizwa lini nitaandika kitabu cha kweli. Majina ya kubuni yametumika sana kwa sababu hiyo, na si kwa wanawake tu. Mskoti Hugh C. Rae, mwanamume mwenye riwaya za uhalifu kwa jina lake, kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa Jessica Stirling, jina lililopendwa na wasomaji wa mapenzi. Wanaotudharau husema mwisho wetu unajulikana. Ni kweli, unajulikana. Chama cha Romance Writers of America, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1980, kiliitambua riwaya ya mapenzi kwa mambo mawili: penzi liwe ndio kiini cha hadithi, na mwisho uridhishe moyo na uwe na matumaini. Mchapishaji wangu ameliweka hilo la pili kwenye mkataba, kwa lugha ya kisheria isiyo na mahaba hata chembe. Lakini riwaya ya upelelezi nayo mwisho wake unajulikana, kwamba muuaji atapatikana, na sijasikia mtu akimwuliza mwandishi wake lini ataacha utoto.

Mtu akinibana zaidi ya hapo, humsimulia habari za Ida Cook. Nasimulia kwa urefu, tena kwa makusudi, ili ajute kuuliza.

Ida na dada yake Louise walikuwa makarani wa serikali London, wanawake wa kawaida kabisa waliopenda opera kupita kiasi, hata wakajinyima na kudunduliza nauli ya kwenda kuwasikiliza waimbaji waliowahusudu. Katikati ya miaka ya 1930 Ida alianza kuandika riwaya za mapenzi kwa kampuni ya Mills & Boon, iliyoanzishwa mwaka 1908, akitumia jina la Mary Burchell. Vitabu vikauzika, na kwa mara ya kwanza maishani akawa na fedha za kuchezea. Wakati huohuo, kupitia marafiki zao wa opera, akiwemo kondakta Clemens Krauss na mkewe, mwimbaji Viorica Ursuleac, wakajua kinachowapata Wayahudi wa Ujerumani na Austria.

Uingereza haikumpokea mkimbizi hivihivi. Alitakiwa awe na mdhamini wa kifedha, na hata aliyekuwa na mali kwao hakuruhusiwa kutoka nayo. Hapo mrabaha wa riwaya za mapenzi ukapata kazi. Kina dada hawa wakawa wanakwenda Ujerumani mwisho wa wiki, kama mashabiki wawili wa opera wasio na akili nyingi, na Jumatatu wako ofisini. Walikwenda na nguo za kawaida na kurudi wamevaa makoti ya manyoya na vito vya thamani vya watu waliokuwa wakijiandaa kukimbia, ili navyo viwe dhamana yao Uingereza. Makoti yalibadilishwa lebo, yakashonewa za maduka ya London. Vito walivivaa waziwazi juu ya nguo za bei rahisi, wakitegemea kwamba afisa wa mpakani ataviona ni vya bandia. Hesabu inayotajwa ni watu 29 waliotolewa kwa msaada wao kabla vita havijafunga mipaka mwaka 1939. Yad Vashem, taasisi ya Israeli ya kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, iliwatambua wote wawili miongoni mwa Wenye Haki wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi waliowaokoa Wayahudi. Baada ya vita Ida aliendelea kuandika, vitabu zaidi ya mia kwa jumla, na baadaye akawa rais wa chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Uingereza.

Ninachokitazama zaidi katika habari hii, mbali na ushujaa, ni jinsi walivyovaa. Nimetumia maisha yangu kuwafikiria watu jinsi wanavyotazamwa na jinsi wanavyojionyesha, na sijawahi kubuni kitu kizuri kama lulu za kweli zilizovaliwa hadharani ili zionekane za uongo. Ida alijua afisa atakachomwona: mwanamke asiye na mume, mpenda nyimbo, msomaji wa vitabu vya mapenzi. Akaitumia dharau ile kama pasi ya kusafiria. Sina hakika waandishi wa vitabu vya kweli wangevuka kirahisi hivyo.

Lakini hata bila Ida Cook nisingebadilisha kazi. Mwanzoni niliandika riwaya za mapenzi kwa sababu zililipa kuliko hadithi nyingine. Sasa naandika kwa sababu sijui aina nyingine ya riwaya inayomruhusu mtu kutumia kurasa mia tatu kuchunguza kwa nini watu wazima wawili, wenye akili zao, hawalichukui jambo wanalolitaka wakati liko mbele yao. Umri umenibadilishia wahusika tu. Zamani walikuwa na miaka ishirini na mitano, na kizuizi kilikuwa baba. Siku hizi wana hamsini na kitu, wana magoti yanayouma na watoto wenye maoni, na vizuizi vyao ni vitamu mno kuandika kwa sababu hakuna wa kumlaumu.

Walio mezani sasa ni mtu na mtalaka wake. Wameachana zamani, bila ubaya wa kutisha, na sasa wanalea mjukuu kwa zamu. Wanakutana mlangoni, mkoba wa mtoto unapita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Wanajuana kabisa. Hakuna siri iliyobaki, hakuna barua ya kupotea, na kaka wa kumkumbatia wote tunamfahamu. Kinachowazuia ni kwamba kila mmoja anakumbuka vizuri jinsi alivyokuwa mbaya katika ndoa ile, na hataki kuonekana hivyo tena na mtu pekee aliyemwona. Nimeandika mlango ule mara nyingi na bado hawajavuka kizingiti.

Mume wangu ameusoma muswada mpaka ulipofikia. Safari hii hakuuliza amemkosea nini bwana yule. Alisema wanaonekana wamepatana vizuri hivyo walivyo, mlango ukiwa katikati, na akanishauri niwaache tu wasirudiane. Nikamwambia hata mimi nimeshalifikiria hilo, ila mkataba hauruhusu.